Mafuta ya Giaboksi ya Otomatiki: Yabadilishwe au Yaachwe?

Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi



Hapo zamani gari la chama lilikuwa ama lori ama Land Rover, na dereva wake alibadili gia kwa mkono na kukanyaga klachi kwa mguu. Mafuta ya giaboksi ya gari la namna ile yalikuwa mazito, yalikaa humo kwa miaka, na kazi yake kubwa ilikuwa kulainisha meno ya gia yasisagane. Yakisahauliwa, gari liliendelea kutembea huku likilalamika. Siku hizi vyama vingi hununua magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, ya kupelekea pembejeo, ya kwendea benki na ya kuwafikisha wajumbe mikutanoni, na sehemu kubwa ya magari hayo ni ya otomatiki. Pamoja nayo limekuja swali ambalo mabibi na mabwana wa zamani wa ushirika hawakupata kuulizana: mafuta yaliyomo ndani ya giaboksi ya otomatiki yabadilishwe, au ni heri yaachwe kama yalivyo?

Lingekuwa swali la mafundi peke yao kama lisingegusa mfuko wa chama. Lakini linaugusa, na mara nyingine linaugusa vibaya. Kisa kinachosimuliwa magerejini, kwa namna nyingi lakini kwa kiini kimoja, ni hiki. Gari linaanza kuchelewa kushika gia asubuhi. Dereva anamwarifu katibu, katibu anampelekea fundi, fundi anakuta mafuta meusi na kushauri yabadilishwe. Kamati inaidhinisha fedha. Mafuta mapya yanatiwa, gari linatembea wiki mbili au tatu, kisha siku moja mlimani, likiwa na mifuko ya mbolea mgongoni, injini inanguruma na magurudumu hayaendi. Kikao kinaitishwa. Mjumbe mmoja anasema fundi ameliua gari. Mwingine anasema katibu na fundi wamekula pamoja. Wa tatu, ambaye ana ndugu yake dereva mjini, anasema inajulikana kwamba mafuta ya otomatiki hayaguswi kamwe. Azimio linapita kwamba tangu siku hiyo giaboksi ya gari lolote la chama isifunguliwe. Na gari la pili, lililokuwa bado zima, linaachwa na mafuta yake mpaka nalo linakufa kifo kile kile.

Katika kisa hicho kila msemaji ana chembe ya ukweli, ila hakuna aliyeupata wote. Ili kuutenganisha ukweli na dhana, haina budi kwanza kufahamu mafuta hayo hufanya kazi gani.

Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi pana chombo cha mviringo kinachoitwa konveta, kilichojaa mafuta. Mfano wake ni feni mbili zinazotazamana: moja ikiwashwa, upepo wake huizungusha ya pili ingawa haikuunganishwa na umeme. Ndani ya konveta upepo huo ni mafuta. Injini huyasukuma, nayo husukuma upande wa pili, gari likaondoka. Nyuma ya konveta zimo seti za gia zinazozungukana kama sayari na jua lake, na sahani nyembamba za klachi zilizobandikwa utando wa karatasi maalumu. Kinachozibana sahani hizo ili gia fulani ishike ni mafuta yaliyosukumwa na pampu kupitia vali nyingi ndogo, ambazo njia zake nyingine si pana kuliko unene wa njiti ya kiberiti. Mafuta hayo hayo tena hulainisha, hupoza, na huchukua uchafu wa sahani zinapolika.

Kwa hiyo, mafuta haya ni mkono unaobadili gia, ni mguu unaokanyaga klachi, na ni maji ya kupoza, yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana giaboksi ya otomatiki haina uvumilivu wa giaboksi ya mkono. Mafuta yakipungua nguvu, gia hazishiki sawasawa, zisiposhika, sahani huteleza, zikiteleza, huungua, na majivu ya kuungua kwake huingia katika mafuta yale yale yanayotakiwa kupita kwenye vijia vile vyembamba.

Siri kubwa ya mafuta haya imo katika dawa chache zilizochanganywa humo, hasa zile za kupima msuguano, ili sahani zishikane bila kuteleza na bila kushtuka. Historia yake ina jambo la kushangaza kidogo. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi, Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ya Marekani, ilitokea katika magari ya Oldsmobile ya mwaka wa 1940. Mwaka 1949 kampuni hiyo ikaweka kipimo cha mafuta yake, kilichoitwa Type A, na miongoni mwa vitu vilivyotiwa humo ili msuguano uwe wa kadiri yalikuwa mafuta ya nyangumi. Marekani ilipozuia biashara ya mafuta ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu walilazimika kutafuta dawa nyingine ya kushika nafasi yake. Rangi nyekundu, ambayo watu wengi hudhani ndiyo alama ya ubora, ni rangi tu. Ilitiwa ili uvujaji utambulikane usichanganywe na wa injini. Yako mafuta mazuri ya rangi ya kijani au ya asali, na yako mabovu mekundu.

Adui wa dawa hizo ni joto. Katika safari ya kawaida mafuta ya giaboksi hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 za sentigredi. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya mafuta kuharibiwa na hewa huwa karibu mara mbili. Maana yake ni kwamba mafuta ambayo yangedumu kilometa 100,000 yakitumika kwa upole hayatafika 50,000 yakizidi joto kwa nyuzi 10 tu kila siku, na yakizidi kwa nyuzi 20 yatachoka kwenye 25,000. Yakipita nyuzi 115 hivi huanza kuacha utando kama vanishi juu ya vali. Yakizidi kupanda, sili za mpira hukakamaa na kuacha mafuta yapite.

Na joto hilo hutoka wapi? Hutoka hasa ndani ya konveta, pale upande wa injini unapozunguka upesi na upande wa magurudumu polepole. Tofauti ya mwendo huo haipotei, hugeuka kuwa joto. Gari linalotembea sawasawa kwenye lami tambarare hupata joto kidogo, kwa kuwa magari mengi yana kufuli ndani ya konveta inayozifunga pande mbili zikawa kitu kimoja. Lakini gari linalopanda mlima kwa kilometa 20 kwa saa, limejaza magunia na abiria, likitoka tope moja na kuingia jingine, huchemsha mafuta yake kutwa nzima. Kila katibu ajiulize gari la chama chake hufanya kazi ya aina gani kati ya hizo mbili.

Hapo ndipo hoja ya wale wasemao mafuta haya hayabadilishwi inapofaa kupimwa. Hawakuizua. Watengenezaji kadhaa wa magari waliandika, na wengine wangali wakiandika, kwamba mafuta ya giaboksi hudumu maisha yote ya gari. Lakini neno “maisha” halikufafanuliwa. Kwa mtengenezaji, mteja wake ni yule aliyelinunua gari likiwa jipya, akaliendesha miaka mitano au minane kwenye barabara za lami na kuliuza. Mnunuzi wa pili, aliye ng’ambo ya bahari, hakuwamo katika hesabu hiyo. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo huunda giaboksi na kuwauzia watengenezaji wa magari, imeshauri mafuta yabadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane, hata pale ambapo mwenye kuuza gari husema hudumu maisha. Muundaji wa chombo na muuzaji wa gari wakitofautiana, ni busara kumsikiliza aliyekiunda. Tena, vitabu vya magari mengi huwa na ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu, na ya pili watu huiruka. Magari kadhaa ya Toyota yaliyouzwa Marekani, ambayo ratiba yake ya kawaida haitaji kubadili mafuta haya hata kidogo, ratiba yake ya matumizi magumu huagiza yabadilishwe kila maili 60,000, yaani karibu kilometa 96,000, endapo gari hubeba mizigo mizito au hukokota tela. Gari la chama cha msingi cha wakulima milimani ni la matumizi magumu tangu siku linapotoka bandarini.

Basi jibu la swali ni kwamba kubadili mafuta haya kuna faida, tena faida kubwa, kwa giaboksi ambayo bado nzima. Mafuta hayajengi upya sahani iliyokwisha kulika. Hapa ndipo kisa cha mwanzo kinapoeleweka. Gari lilipelekwa kwa fundi kwa sababu lilikuwa limekwisha kuchelewa kushika gia, yaani sahani zilikuwa zimeungua au sili zimekakamaa. Giaboksi ilikuwa njiani kufa kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Mafuta mapya yaliikuta mahututi, nayo yakabebeshwa lawama ya kifo.

Hata hivyo, mafundi wanaosema wamewahi kuona mafuta mapya yakiharakisha kifo wasibezwe. Mafuta mapya yana sabuni ya kusafisha. Katika giaboksi iliyojaa utando na masizi ya miaka mingi, sabuni hiyo yaweza kung’oa vipande vilivyokuwa vimetulia, navyo vikaziba vijia vya vali. Hatari huzidi pale mafuta yanapobadilishwa kwa mashine inayosukuma kwa nguvu, hasa ikiwa imetiwa dawa ya kusafishia ndani. Kwa gari ambalo historia yake haijulikani, njia hiyo iachwe. Ile ya kumwaga kwa bolti ya chini na kujaza kwa utaratibu haina ghasia, na chombo kinachotakiwa ni spana, karai safi na faneli safi.

Njia hiyo ya kumwaga ina jambo ambalo katibu hana budi kulielewa kabla ya kuidhinisha malipo. Bolti ikifunguliwa, mafuta yote hayatoki. Sehemu kubwa hubaki ndani ya konveta na katika mabomba ya kupozea. Chukulia giaboksi yenye lita 8 kwa jumla, ambayo hutoa lita 3.2 tu bolti inapofunguliwa, yaani asilimia 40. Baada ya kujaza mara ya kwanza, mafuta mapya ni asilimia 40 na ya zamani ni 60. Gari likitembea wiki moja yakachanganyika, kisha kazi ikarudiwa, ya zamani hubaki asilimia 36. Mara ya tatu hubaki chini kidogo ya 22. Kwa hiyo mara tatu, kwa jumla ya lita 9.6, huifikisha giaboksi karibu asilimia 78 ya mafuta mapya, na polepole kiasi cha kutoishtua. Fundi anayesema amebadili mafuta yote kwa lita tatu, ama hajui, ama hasemi kweli. Na katibu anayeona hati ya madai ya mara ya pili asidhani anaibiwa. Pengine ndiyo kazi inayofanywa sawasawa.

Baada ya hapo, kumwaga na kujaza mara moja kila kilometa 40,000 hadi 60,000 kwatosha kwa gari la kazi ngumu. Wako watakaosema ni mapema mno. Lita tatu au nne kwa mwendo huo si gharama ya kubishania.

Sasa, gari limenunuliwa, halina daftari la matengenezo, na namba ya kilometa kwenye dashibodi haiaminiki, maana inajulikana kwamba namba hizo hurudishwa nyuma. Giaboksi ichunguzwe namna hii. Gari likiwa limepata moto, kijiti cha kupimia kichomolewe na tone lidondoshwe juu ya karatasi nyeupe. Mafuta mekundu au ya hudhurungi iliyo angavu, yanayosambaa vizuri kwenye karatasi, hayana tatizo kubwa. Yakiwa meusi lakini hayanuki kuungua, na gari linabadili gia bila kusita, yabadilishwe kwa awamu tatu kama ilivyoelezwa. Yakiwa meusi, yananuka kama mkate ulioungua, na gari linasita au kuteleza, chama kisinunue mafuta kwa tamaa ya kuponya. Kimwite fundi wa giaboksi apime shinikizo na kufungua sampu. Ndani ya sampu za giaboksi nyingi mna sumaku ndogo. Tope la kijivu laini kama majivu juu yake ni la kawaida. Vipande vinavyosikika kwa kidole, au vigae vyeusi vya utando wa sahani, ni habari mbaya, na fedha za kamati zielekezwe katika matengenezo au giaboksi nyingine. Yakiwa na rangi ya waridi, mazito kama maziwa ya kuganda, gari lizimwe papo hapo. Maana yake ni kwamba kipozeo kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka na maji yameingia; maji hung’oa gundi ya utando wa sahani, na kila kilometa inayoongezwa ni hasara.

Kosa linaloua giaboksi nyingi zilizokuwa nzima ni kutia mafuta yasiyo yake. Kwa giaboksi za otomatiki hakuna kitu kiitwacho mafuta ya giaboksi kwa jumla. Toyota peke yake imetumia aina ya T-IV katika giaboksi zake za miaka fulani na aina ya WS katika za baadaye, na moja si badala ya nyingine. Honda, Nissan na Mitsubishi wana zao. Zaidi ya hayo, magari mengi ya siku hizi hayana gia zile za sayari bali yana mkanda wa chuma unaopanda na kushuka juu ya kapi mbili. Giaboksi hizo huandikwa CVT, na mafuta yake ni tofauti kabisa. Mfano ulio karibu ni Toyota Probox, ambayo vyama na wafanyabiashara wengi wanaipenda. Za miaka ya mwanzo, tangu 2002, za otomatiki zina giaboksi ya gia nne. Zilizofanyiwa mabadiliko mwaka 2014 zina CVT. Gari ni lile lile kwa jina na kwa sura ya nyuma, lakini atakayetia mafuta ya moja katika nyingine atalinunua tena. Aina ya mafuta isomwe katika kitabu cha gari, au juu ya kijiti cha kupimia ambako mara nyingi imechorwa, au itafutwe kwa namba ya chesisi. Isitafutwe kwa rangi, wala kwa kumbukumbu ya muuza duka. Chupa zinunuliwe zikiwa na lakiri, na risiti itaje aina, si neno “oili” tu.

Kipimo nacho kina utaratibu wake. Katika magari mengi yenye kijiti, mafuta hupimwa gari likiwa kwenye tambarare, limepata moto, injini inawaka, na mkono wa gia umepitishwa polepole katika nafasi zote na kurudishwa P. Magari mengi ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda huo huo, kabla ya mafuta kutulia. Magari mengine hayana kijiti hata kidogo: hupimwa kwa bolti ya kufurikia chini ya giaboksi, mafuta yakiwa kwenye nyuzi 40 hivi, na kazi hiyo huhitaji chombo cha kusoma joto. Fundi asiye na chombo hicho aseme mapema. Njia ya salama ni kupima kwa chupa mafuta yaliyotoka na kurudisha kiasi kile kile, kisha kuhakikisha kipimo. Yakizidi, gia huyapiga yakatoa povu, na povu halibani sahani. Yakipungua, pampu hufyonza hewa, na matokeo ni yale yale.

Mambo machache yanamhusu dereva kuliko fundi, na inafaa aitwe kikaoni ayasikie, kwani yeye ndiye anayekaa na gari. Gari la otomatiki lililozimika halisukumwi ili liwake, na halikokotwi kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Pampu ya mafuta huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, gia huzunguka kavu. Kilometa chache za kukokotwa namna hiyo kutoka shambani hadi mjini zaweza kumaliza kile ambacho miaka ya kazi haikumaliza. Liinuliwe, au lipakiwe juu ya lori. Vile vile, dereva wa mteremkoni asitupe gia kwenye N kwa kudhani anaokoa petroli. Ashuke na gia ya chini, L au 2, injini imshikie gari, breki zitapona. Na anapopanda kwa mzigo mzito atumie hizo hizo, ili giaboksi isiwe inapanda na kushuka gia kila baada ya mita hamsini.

Imebaki hesabu, na hii ni kazi ya katibu na mweka hazina. Bei hubadilika na hutofautiana kutoka mji hadi mji, hivyo haifai kutaja moja hapa. Lakini katibu aweza kuchukua karatasi akaandika bei tatu alizoziuliza mwenyewe: bei ya lita moja ya mafuta yaliyo sahihi, bei ya giaboksi iliyotumika ya gari lile lile pamoja na ufundi wa kuifunga, na kodi ya gari la kukodi kwa siku moja. Gharama ya kwanza aizidishe kwa lita 10 na aongeze ujira wa fundi mara tatu. Ya pili aijumlishe na ya tatu iliyozidishwa kwa siku ambazo gari litakaa gereji, zikiwamo siku za kungoja spea. Karatasi hiyo iwekwe mbele ya kamati kabla ya kujadili. Mjumbe anayepinga gharama ya lita kumi atakuwa ameiona ile nyingine. Yafaa pia katibu aongeze mstari mmoja usio wa fedha: gari likisimama msimu wa mavuno, ni siku ngapi wakulima watakaa bila malipo kwa kuwa hapana chombo cha kufuata fedha au kupeleka hati.

Halafu liwepo daftari la gari. Magari mengi ya vyama yanalo la petroli na safari tu. Kurasa chache za mwisho zitengwe kwa giaboksi: tarehe, namba ya kilometa, aina ya mafuta kama ilivyo kwenye chupa, lita zilizotoka, lita zilizoingia, jina la fundi, na namba ya risiti. Lakini mstari ulio muhimu kupita yote ni ule unaoandikwa kabla ya bolti kufunguliwa. Dereva, fundi na katibu waliendeshe gari pamoja mwendo wa dakika kumi, likiwa baridi na likiwa na moto, na waandike walichokiona: linashika D mara moja au baada ya sekunde ngapi, linashtuka au halishtuki, linateleza kwenye kipando au haliteleza, tone kwenye karatasi lina rangi gani na harufu gani. Karatasi yenye tone ibandikwe hapo hapo kwenye ukurasa. Wote watatu watie sahihi.

Kama mstari huo ungaliandikwa katika kile chama cha kwenye kisa, kikao kisingalikuwa na la kugombania. Ingalionekana kwamba gari lilikuwa linateleza kabla ya fundi kuligusa, fundi asingaliitwa mwuaji, katibu asingaliitwa mwizi, na azimio lililoiua giaboksi ya gari la pili lisingalipata wa kuliunga mkono. Pengine kamati ingaliamua hata kutonunua mafuta yale, na fedha zikabaki kwa ajili ya giaboksi iliyotengenezwa.

Kwa vyama ambavyo tayari vina magari yasiyo na daftari, kazi ya kwanza si kununua chochote. Ni tone juu ya karatasi nyeupe na mwendo wa dakika kumi, wiki hii, kabla ya makisio ya mwaka kupelekwa kwenye mkutano mkuu, ili fungu la gari liandikwe kwa kufuata hali ya gari na si kwa kunakili namba ya mwaka uliopita. Na mafuta yaliyomwagwa yasipelekwe kwenye mtaro wala kwenye kitalu cha miche. Yatiwe ndani ya madumu ya zamani, yaandikwe ubavuni, na yarudishwe kwa gereji inayokusanya mafuta machafu.